Marekani na Ujerumani: shirikisho lipi linaipa serikali ya jimbo nguvu za kweli?

Mtu anayechagua aina ya shirikisho huanza na orodha: elimu iwe ya nani, polisi wawe wa nani, madini yawe ya nani. Nami nilianzia hapo. Kadiri nilivyozidi kusoma katiba na kesi zilizotokana nazo, ndivyo nilivyoona kuwa kuna swali linalotangulia orodha: sheria ikishapitishwa, nani ataitekeleza, kwa fedha za nani, na je, jimbo lilikuwepo ilipokuwa ikitungwa? Katiba mbili zinaweza kuwa na orodha zinazokaribiana sana, huku kiongozi wa jimbo katika nchi moja akisikilizwa hadi makao makuu, na mwenzake wa nchi ya pili akibaki tarishi wa serikali kuu.

Ndiyo maana naziweka Marekani na Ujerumani ubavu kwa ubavu. Marekani inagawa mambo: hili lako, lile langu, kila mmoja atunge sheria zake na azitekeleze mwenyewe. Ujerumani inagawa kazi: sheria nyingi hutungwa katikati, hutekelezwa na majimbo, na majimbo hayohayo yana kiti pale zinapotungwa. Uswisi, India na Kanada nitazigusa pale mbili hizi zisipotosheleza.

Kipimo chenyewe

Kipimo ninachotumia ni kanuni ya subsidiariti: jambo lifanywe na ngazi ya chini kabisa inayoliweza, na ngazi ya juu iingie pale tu ile ya chini inapozidiwa. Jina limetokana na neno la Kilatini subsidium, ambalo kwa Warumi lilikuwa kikosi cha akiba, askari waliokaa nyuma wakingoja mstari wa mbele uzidiwe. Picha hiyo inabeba mambo mawili kwa mpigo. Askari wa akiba harukii mbele kuwapokonya wenzake kazi. Lakini pia hakai kitako wenzake wakiangamia. Katika mijadala ya katiba watu hushika la kwanza, wakaliacha la pili, na hapo kanuni nzuri inageuka kisingizio cha serikali kuu kuyatelekeza majimbo maskini.

Papa Pius XI aliiandika kanuni hii kwa uwazi katika waraka wake wa mwaka 1931, akisema ni dhuluma kwa jumuiya kubwa kuichukua kazi ambayo jumuiya ndogo inaiweza. Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 ukaiingiza katika sheria za Umoja wa Ulaya, na miongoni mwa walioipigania kwa nguvu walikuwa majimbo ya Ujerumani. Yaliogopa kwamba serikali yao kuu, kila ilipokwenda Brussels kutia saini, ingebeba mkobani mamlaka ambayo hayakuwa yake.

Marekani: uzio kati ya mashamba mawili

Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787 iliitajia serikali kuu mamlaka yake moja baada ya jingine: kutoza kodi, kukopa, kusimamia biashara kati ya majimbo, kutengeneza sarafu, kutangaza vita. Rekebisho la Kumi la mwaka 1791 likafunga hesabu: mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ukiishia kusoma hapo, utadhani majimbo yamepata kila kitu.

Sasa twende shambani, Ohio. Roscoe Filburn alipangiwa ekari 11.1 za ngano chini ya mpango wa taifa wa kudhibiti mavuno. Akalima 23. Ngano ya ziada, alijitetea, ilikuwa ya mifugo yake na matumizi ya nyumbani, haikuwa ya kuuza. Mwaka 1942 Mahakama ya Juu ikamkatalia: hata ngano isiyofika sokoni inagusa biashara kati ya majimbo, kwa kuwa mkulima anayejilisha hanunui, na wakifanya hivyo wengi bei ya nchi nzima inatikisika. Kiuchumi hoja hiyo ina mashiko. Lakini tazama ilivyoufanya uzio. Maneno "biashara kati ya majimbo" yalikuwa kijilango cha kupita mtu mmoja, yakawa lango la kupita malori. Ilichukua zaidi ya nusu karne mpaka Mahakama hiyohiyo ikasema, katika kesi ya Lopez ya mwaka 1995, kwamba lango hilo nalo lina mwisho wake, kwa sababu kubeba bunduki karibu na shule si biashara.

Kwa hiyo orodha peke yake haikuyalinda majimbo. Kinachoyalinda leo, kwa jinsi ninavyoona, ni watumishi wao. Sherifu mmoja wa Montana, Jay Printz, alipinga sheria ya taifa iliyomtaka awachunguze watu wanaotaka kununua bastola. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba serikali kuu haina ruhusa ya kuwaamuru maofisa wa jimbo wautekeleze mpango wake. Ikitaka kazi ifanyike na jimbo halitaki, itume watu wake na iwalipe mishahara. Ngome hii ni imara kuliko orodha yoyote, maana kuunda jeshi la watumishi katika majimbo 50 ni gharama ambayo serikali kuu huifikiria mara mbili.

Faida nyingine ya uzio ni majaribio. Jaji Louis Brandeis aliandika mwaka 1932 kwamba jimbo moja jasiri laweza kuwa maabara bila kuihatarisha nchi nzima, na historia imempa haki. Massachusetts ilipitisha sheria yake ya bima ya afya mwaka 2006, na sheria ya taifa ya mwaka 2010 ikajengwa kwa kiasi kikubwa juu ya ramani hiyo. Jirani zao wa Kanada wana mfano mzuri zaidi: jimbo la Saskatchewan lilianzisha bima ya matibabu kwa wote mwaka 1962, madaktari wakagoma wiki kadhaa, jimbo likashikilia, na mwaka 1966 bunge la taifa likapitisha sheria ya kuieneza nchi nzima. Kama Saskatchewan ingelazimika kungoja kibali cha serikali kuu kule Ottawa, sijui nani angethubutu kuanza.

Udhaifu wa uzio ni kwamba majimbo hayana kiti. Hadi mwaka 1913 maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Rekebisho la Kumi na Saba likawapa wananchi kura hiyo, na kwa demokrasia ilikuwa hatua njema. Lakini tangu hapo hakuna mahali Washington ambapo serikali ya jimbo, kama serikali, inapiga kura juu ya sheria. Gavana akitaka jambo, anabisha hodi kama wabishao wengine.

Ujerumani: meza moja

Nchini Ujerumani ukijaza fomu ya kodi ya mapato, sheria unayoifuata imetungwa na shirikisho, lakini ofisi unayoipelekea fomu ni ya jimbo, na ofisa anayeikagua ni mtumishi wa jimbo. Mfano huo mdogo unaeleza mfumo mzima. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Msingi ya mwaka 1949, ambayo ndiyo katiba ya Ujerumani, kinasema majimbo yanazitekeleza sheria za shirikisho kama shughuli yao wenyewe. Kile ambacho kesi ya Printz ilikikataza Marekani, Ujerumani ndiyo desturi ya kila siku.

Na malipo ya kazi hiyo ni kiti. Bundesrat, baraza la majimbo, lina kura 69. Kila jimbo kati ya 16 lina kura tatu hadi sita kulingana na idadi ya watu, na wanaozipiga ni wakuu wa serikali za majimbo na mawaziri wao, watu walewale watakaolala na kuamka na sheria hiyo ikishapita. Kura za jimbo moja lazima ziende upande mmoja.

Uzito wa sharti hilo ulionekana tarehe 22 Machi 2002, wakati muswada wa uhamiaji ulipofika mezani. Kura nne za Brandenburg zilihitajika ili upite, na Brandenburg ilitawaliwa kwa ubia wa vyama viwili visivyokubaliana. Jina la jimbo likasomwa. Waziri Alwin Ziel akajibu ndiyo. Waziri Jörg Schönbohm, aliyeketi naye upande huohuo, akajibu hapana. Rais wa baraza, Klaus Wowereit, akasema jimbo halijapiga kura kwa sauti moja, akamgeukia waziri mkuu wa jimbo, Manfred Stolpe, naye akatamka kwamba kama mkuu wa serikali ya Brandenburg anasema ndiyo. Schönbohm akamwambia rais wa baraza kuwa msimamo wake anaujua. Kura zikahesabiwa kuwa ndiyo, ukumbi ukalipuka. Tarehe 18 Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ikaibatilisha sheria nzima: jimbo lililogawanyika halikuwa limesema ndiyo.

Nimekaa na kesi hii kwa sababu inaonyesha kitu ambacho Marekani hakipo. Sheria ya taifa zima ilianguka kwa kuwa ridhaa ya jimbo moja haikupatikana sawasawa.

Gharama yake haifichiki. Meza moja ikiwa na watu wengi wenye haki ya kukataa, chakula kinapoa. Mwanazuoni Fritz Scharpf aliuita mtego wa maamuzi ya pamoja: kila mmoja ana uwezo wa kuzuia, hakuna mwenye uwezo wa kuamua peke yake, na mkwamo ukitokea mwananchi hajui amlaumu nani. Kabla ya mageuzi ya mwaka 2006 zaidi ya nusu ya sheria za shirikisho zilihitaji ridhaa ya Bundesrat. Mageuzi yakapunguza sehemu hiyo, na kwa kubadilishana majimbo yakapata uhuru zaidi wa kupanga taratibu zao za utekelezaji. Kuna gharama nyingine isiyosemwa sana. Kiti cha Bundesrat ni cha serikali ya jimbo, si cha bunge lake. Mawaziri hupanda, wabunge wa jimbo hushuka. Kama unadhani subsidiariti maana yake ni kumsogezea mwananchi maamuzi, hapo pana tatizo.

Fedha: hapa ndipo uhuru unapopimwa

Wajumbe wa katiba huwa wanagombana siku nyingi juu ya orodha, halafu sura ya fedha inapitishwa jioni watu wakiwa wamechoka. Laiti wangeibadilisha ratiba.

Majimbo ya Marekani yana kodi zao. Kila moja linaamua kiwango, mengine kama Texas na Florida hayatozi kabisa kodi ya mapato ya mtu binafsi, na mkopo wa jimbo ni mzigo wa jimbo. Lakini hakuna utaratibu wa kudumu wa kuyasawazisha majimbo tajiri na maskini. Badala yake zipo ruzuku zenye masharti, na masharti hayo hupenya pale amri isipopita. Mwaka 1984 Bunge lilitaka umri wa kununua pombe uwe miaka 21 kila mahali. Halikuyaamuru majimbo. Lilisema tu kwamba litakalokataa litakatwa sehemu ya fedha za barabara. South Dakota, iliyokuwa ikiwaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia nyepesi, ikaenda mahakamani na mwaka 1987 ikashindwa, kwa hoja kwamba asilimia 5 ya fedha hizo ni kishawishi, si shuruti. Mwaka 2012, katika kesi ya bima ya afya, Mahakama ikaona kuwa kulitishia jimbo kwa kulinyang'anya ruzuku yote ya Medicaid, mpango wa matibabu kwa watu wa kipato cha chini, ni bunduki kichwani. Kati ya kishawishi na bunduki hakuna aliyechora mstari, na katika nafasi hiyo ndimo serikali kuu inamofanyia kazi.

Ujerumani imechagua chungu kimoja. Kodi ya mapato inagawanywa kwa hesabu iliyo wazi: asilimia 42.5 kwa shirikisho, asilimia 42.5 kwa majimbo, asilimia 15 kwa halmashauri za chini. Majimbo yenye uwezo mdogo yanajaziwa. Fungu hilo liko ndani ya katiba na sheria, kwa hiyo waziri wa fedha hawezi kulikata kwa sababu amemkasirikia mkuu wa jimbo. Hiyo ni heshima ambayo ruzuku haina. Tatizo ni kwamba jimbo halina kodi kubwa ambayo linaweza kuipandisha au kuishusha. Kiwango kikubwa linachokiamua lenyewe ni cha kodi ya uhamisho wa ardhi na nyumba: Bavaria imebaki asilimia 3.5, mengine yamepanda hadi 6.5. Serikali isiyotoza hainyimwi kura kwa sababu ya kutoza, na mpiga kura anapoteza njia mojawapo ya kuipima.

Uswisi ndiyo iliyoweka vyote viwili pamoja: kantoni 26 (ndiyo majimbo yake) na manispaa zake zinajiamulia viwango vya kodi ya mapato, na mfumo wa kusawazisha ulioanza mwaka 2008 unayainua yaliyo nyuma. Wapiga kura waliuridhia mwaka 2004, na mageuzi hayohayo yakaiandika subsidiariti kwa jina katika kifungu cha 5a cha katiba. Ningekuwa nachagua sura ya fedha tu, ningechagua ya Uswisi bila kusita.

Jimbo linapoonea watu wake

Kila anayependa majimbo yenye nguvu anapaswa kuusikia mwaka 1957. Gavana wa Arkansas, Orval Faubus, alitumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya Central High mjini Little Rock. Rais Eisenhower akatuma askari wa miamvuli wa Divisheni ya 101 ya jeshi la nchi kavu wakawasindikize watoto hadi darasani. Kwa miongo mingi kauli ya "haki za majimbo" ilikuwa ngao ya ubaguzi, na sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965 ilikuwa jibu la serikali kuu kwa majimbo yaliyokuwa yakiwanyima watu weusi kura.

Uswisi nayo ina jeraha lake. Wanawake walipata kura ya taifa mwaka 1971, lakini katika kantoni ya Appenzell Innerrhoden wanaume walikutana uwanjani Aprili 1990 na kwa mara nyingine wakawakatalia kura ya kantoni. Mahakama ya Shirikisho ikawalazimisha mwezi Novemba mwaka huo. Uamuzi ulikuwa karibu kabisa na wananchi, na nusu ya wananchi hawakuwemo.

Ujerumani ililitatua hili mapema: kifungu cha kwanza cha Sheria ya Msingi kinaifunga kila mamlaka, ya shirikisho na ya jimbo, iziheshimu haki za binadamu, na sheria ya shirikisho huvunja ya jimbo. Haki za binadamu hazigawanywi kwa ngazi. Hapo sina mashaka hata kidogo, na shirikisho lolote litakaloziacha majimboni limeanza vibaya.

Kuna uonevu mwingine, wa kimyakimya: jimbo kuchukua mamlaka kutoka juu na kuyakalia. Nchini Marekani, kwa kanuni iliyotokana na jaji wa Iowa John Dillon mwaka 1868, mji ni kiumbe wa jimbo, una mamlaka yale tu jimbo liliyoupa. Majimbo mengi yamelegeza, lakini msingi ni huo. Kifungu cha 28 cha katiba ya Ujerumani kinaihakikishia halmashauri haki ya kujiendeshea mambo yake. Kwa anayeamini subsidiariti, huu ni ushindi mkubwa wa Ujerumani, maana kanuni haikuahidi kusimama kwenye ngazi ya jimbo.

Ukiwa ndiye unayechagua

Kama majimbo yako yalikuwepo kabla ya nchi, yana watumishi wao, yana kodi wanazojua kuzikusanya, na watu wake wanakubali kwamba maisha yatatofautiana kati ya jimbo na jimbo, muundo wa Marekani utawafaa. Ongeza mfumo wa kusawazisha, usiwaige hapo.

Kama nchi yako inaanza, majimbo yanatofautiana sana kwa utajiri, na wataalamu ni wachache kiasi kwamba huwezi kuwa na mfumo mzima wa watumishi wa taifa na mwingine wa jimbo katika kila mji, chagua wa Ujerumani. Lakini chukua kifurushi kizima. Hatari kubwa ninayoiona ni nchi kuchukua nusu: majimbo yatekeleze sheria za serikali kuu, ila yasipewe kiti cha kuzipigia kura wala fungu la fedha lililo katika katiba. India ilichelewa kuliona hili kwenye kodi, ikalirekebisha vizuri. Baraza la kodi ya bidhaa na huduma, lililoundwa kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2016, limeipa serikali kuu theluthi moja ya uzito wa kura na majimbo theluthi mbili, na uamuzi unahitaji robo tatu. Serikali kuu haiwezi kupitisha peke yake, na majimbo hayawezi bila yake. Katika jambo la mipaka, hata hivyo, India si ya kuigwa: bunge la taifa linaweza kubadili mipaka ya jimbo kwa wingi wa kawaida wa kura. Jimbo linaloweza kufutwa na wengine halikai mezani kwa utulivu.

Na muundo wowote utakaochagua, andika nani mwenye mzigo wa kuthibitisha. Wajerumani walilijifunza kwa muda mrefu. Katika mambo ambayo ngazi zote mbili zinaweza kutunga sheria, katiba yao iliiruhusu serikali kuu kuingia palipo na "haja", na mahakama ikawa inawaachia wanasiasa waamue kama haja ipo. Daima ilikuwepo. Mwaka 1994 neno likabadilishwa kuwa "ulazima" na mahakama ikapewa jukumu la kuukagua. Tangu mwaka 2002 ikaanza kuukagua kweli, na Januari 2005 ikaifuta sheria ya shirikisho iliyokataza ada za vyuo vikuu, kwa kuwa serikali kuu haikuthibitisha kwamba katazo la nchi nzima ni la lazima.

Majimbo saba yakaanzisha ada, hadi yuro 500 kwa muhula. Wanafunzi wakaandamana kwenye mabunge ya majimbo yao, maana sasa walijua pa kwenda. Hessen ikaziondoa mwaka 2008. Bavaria ikaziondoa mwaka 2013, baada ya wananchi kukusanya saini za kutosha. Niedersachsen, ya mwisho kati ya saba, ikaziondoa mwaka 2014.